Tupeane uzoefu: siku baiskeli na gari zilipogombea lami nawe ukiwepo

Kaka Mkubwa
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu kapata kibarua Kariakoo, na nauli ya kutoka Gongo la Mboto kila siku inamla. Jana karudi na baiskeli ya mtumba, Phoenix. Leo alfajiri nimesimama barazani namwangalia mpaka foleni ikammeza, na chai sikuimaliza.

Nimekumbuka 2009 nikiuza mikate Buguruni. Daladala ilisimama kushusha, konda akapiga bodi, mimi nikapenya kushoto, kati ya gari na mtaro. Akashuka mama na mtoto mgongoni, hakuna hatua mbili kati yetu. Nikaenda mtaroni. Mkono ulivunjika, mikate ikachukuliwa na maji machafu. Yule mama alinifunga jeraha kwa upande wa kanga yake. Mpaka leo daladala ikisimama, nami nasimama nyuma yake.

Nanyi yaliwakuta yapi? Na dogo pale makutano ya Tazara, penye daraja la juu, apite wapi?

Binti Ukonga
Kushoto kwa daladala! Goti langu lina kovu la hapo hapo.

Mzee wa Corolla
Tuangalie na upande wetu. Natoka Pugu saa kumi na moja alfajiri, giza. Mbele kuna magunia matatu ya mkaa juu ya baiskeli, meusi kama barabara yenyewe, hakuna taa, hakuna kiakisi. Ukiwa kwenye 80 gari linakula mita 22 kila sekunde. Magunia nimeyaona zimebaki kama mita thelathini. Nilikwepa nikaingia upande wa wanaokuja, na Mungu aliuacha wazi. Watoto wangu walikuwa nyuma.

Muuza Madafu
80 ya nini mzee wangu? Pale ni makazi, sheria inasema 50.

Mzee wa Corolla
Saa kumi na moja alfajiri barabara ni tupu.

Muuza Madafu
Haikuwa tupu. Palikuwa na mtu na mkaa wake.

Tozo
Wenye magari ndio tunaoilipia barabara, kila lita ya mafuta ina tozo. Baiskeli zipite pembeni.

Muuza Madafu
Pembeni ipi? Pembeni kuna bajaji zimeegeshwa, mchanga, na mashimo. Baba yangu katusomesha sita kwa madafu juu ya baiskeli. Nawe hayo madafu ulikunywa.

Kaka Mkubwa
Ndugu zangu, taratibu. Mzee kasema kweli kuhusu kiakisi, na wewe umesema kweli kuhusu mwendo.

Dereva wa Semi
Nilikuwa nasoma tu, lakini mmetaja Tazara.

Nimeendesha semi, lori la kuvuta tela, miaka kumi na minne. Ilikuwa Ramadhani, jioni, kila mtu anawahi futari. Nimepakia Vingunguti, nakwenda Ubungo nikashike njia ya Tunduma. Pale chini ya daraja nakata kushoto kuingia barabara ya Mandela. Semi haikati kushoto moja kwa moja, unatanua kulia kwanza. Mwenye baiskeli akiona umetanua, anadhani unampisha, anaingia kwenye ule uwazi. Kichwa kinapita mbali, lakini tela linakuja ndani, linaufunga uwazi pole pole mpaka kwenye ukingo.

Taa ya foleni iliruhusu nikaondoka. Mimi nakaa kulia, na kioo cha kushoto kilinionyesha ubavu wa tela tu. Utingo wangu akatoa kichwa dirishani, akaanza kupiga mlango kwa ngumi: "Simama! Mtu! Mtu!" Nikafunga breki, mzigo wote ukanisukuma.

Nilivyozunguka kushoto nikakuta kijana ameiachia baiskeli, ameng'ang'ania chuma cha ubavuni mwa tela kwa mikono miwili, miguu imeburuzwa. Baiskeli iko chini ya tairi. Tairi la nyuma nilipima kwa mguu wangu: hatua moja kutoka kiunoni mwake.

Watu wakajaa, wengine na mawe mkononi. Yule kijana, mguu umevunjika, ndiye aliyepaza sauti: "Msimpige, kasimama." Wakayaweka mawe chini.

Wiki tatu sikushika usukani. Leo anatembea, anachechemea, na ananiita mjomba. Kila kona ya kushoto utingo wangu anashuka kwanza. Madereva wenzangu wanapiga honi nyuma, wapige.

Binti Ukonga
Nimelia. Pole sana kaka, na kijana pia.

Muuza Madafu
Pole mkuu. Ishara ulitoa?

Dereva wa Semi
Nilitoa. Ishara iko mbele kwenye kichwa na nyuma mkiani. Aliyefika katikati ya ubavu haoni hata moja. Usipouona uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni.

Msafiri wa Kisumu
Poleni sana. Mimi nilibeba abiria kwa baiskeli huku Kisumu kabla pikipiki hazijatuondoa kazini. Matatu ikipiga honi karibu, abiria hujipinda, na baiskeli hufuata alikojipinda. Nilikuwa nawaambia kabla ya kupanda: ukisikia honi, nishike na utulie. Mmoja hakutulia, tukaangukia kwa muuza omena.

Mama Wawili
Mwaka juzi Ilala mwanangu alifungua mlango wa gari, mwendesha baiskeli akauvaa kwa kifua. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu mlango unafunguliwa kwa mkono wa mbali. Dereva anatumia wa kushoto, aliyekaa kushoto anatumia wa kulia. Mwili unageuka wenyewe, unaona anayekuja nyuma. Jaribuni leo.

Fundi Baiskeli
Kuhusu Tazara: dogo apande daraja la juu. Huko malori hayakati kona.

Mzee wa Corolla
Asipande! Juu magari yanaruka, na hana pa kujitupa. Apite chini.

Dereva wa Semi
Apite chini, ila ashuke akokote, avuke na watembea kwa miguu. Anapoteza dakika tano.

Fundi Baiskeli
Dakika tano za kukokota ni jasho, mkuu. Basi angalau aje nimkazie breki, bure. Phoenix za mtumba nazijua.

Kaka Mkubwa
Karudi saa mbili kasoro robo, mzima. Nimemsomea ya Dereva wa Semi, kaomba nirudie pale kwenye kutanua. Kesho atakokota. Fundi, uko upande gani wa Gongo la Mboto?