Naomba ushauri: mtoto abaki Iowa City au aende Ames?

Wakuu habari zenu, kijana wangu wa kwanza kakubaliwa University of Iowa ya hapa Iowa City na Iowa State ya Ames, zote jimbo la Iowa huku Marekani, sasa home ni vita. Anataka uhandisi wa mitambo na Iowa State wana jina kitambo kwenye uhandisi na kilimo, ila toka hapa Iowa City mpaka Ames ni kama masaa mawili kwa gari kwahiyo bweni na msosi juu yangu, akibaki hapa analala kwake na Cambus (basi la chuo) anapanda bure. Ada kwa mkazi wa jimbo hazipishani sana. Mama yake keshanunua tisheti ya Hawkeyes (timu ya University of Iowa), dogo nae kabandika stika ya Cyclones (timu ya Iowa State) kwenye friji 😂 Mliosomesha huku mngefanyaje?