Feni ya umeme au feni ya mkanda kwenye lori la zamani? Tupeane uzoefu

MzigoWaMboga
Wakuu habari za mihangaiko. Nina Canter ya zamani ya miaka ya 90, nabeba karoti, kabichi na viazi kutoka Lushoto nashusha Tanga mjini, na kupanda napeleka saruji au chochote kitakachopatikana. Shida yangu ni kupanda. Nikitoka Mombo gari iko vizuri tu, nikianza zile kona sindano ya temperecha nayo inaanza safari yake, nikikaribia maporomoko ya Soni lazima nisimame, utingo ashuke na jiwe aweke tairi, tukae nusu saa ndo tuendelee. Kushuka haina neno kabisa. Fundi wangu hapa Ngamiani anasema dawa ni kutoa hii feni ya klachi (ndo hii ya mkanda, inazungushwa na injini) nifunge feni mbili za umeme, anazo tayari. Mwingine kijiweni anasema ukimfungia lori feni ya umeme umemuua. Sitaki nadharia, namtaka aliyefunga akaona kwa macho yake. Karibuni.

KibarazaChaKange
Nakaa mbele kabisa kusubiri wataalamu

KondaMstaafu
Mie yalinikuta. Nilikuwa na Isuzu ya tani mbili, umeme wake volti 24, betri mbili. Nikapata feni ya gari ndogo, volti 12, nzima kabisa, bei ya kutupa. Fundi akasema haina shida bana, tunaichukulia umeme kwenye betri moja. Ikazunguka vizuri mpaka nikamwona fundi ni profesa. Miezi miwili haijaisha betri inayolisha feni kila asubuhi iko hoi, na mwenzake maji yanakauka kila wiki, naongeza yanakauka. Nikanunua betri nyingine, yaleyale. Ndo mzee mmoja fundi umeme akaja kunieleza kwamba altaneta inazijaza zote mbili kwa mpigo mmoja kama vile ziko sawa, kumbe moja ina njaa na nyingine imeshiba inazidi kulishwa. Hasara ya betri nne kwa ajili ya feni ya bei ya kutupa. Kama lori lako ni 24, tafuta feni ya 24 ama uache.

FundiUmeme_Duga
KondaMstaafu umesema kweli, nimetoa feni za namna hiyo nyingi tu.

Sasa mkuu mwenye uzi nikupe hesabu kidogo, usinune. Feni kubwa ya umeme ya volti 12 inavuta kama ampea 30, na ile sekunde inapoanza inaruka zaidi ya hapo. 30 mara 12 ni wati 360. Hiyo haifiki hata nusu ya hasipawa (nguvu ya farasi) moja. Funga mbili, bado hujafika hasipawa moja. Ile feni ya mkanda injini ikikaza mlimani inakula hasipawa kadhaa, kwenye malori makubwa inafika makumi. Watu wanasema "feni ya umeme inaokoa mafuta", kweli inaokoa, ila inaokoa kwa kuwa inasukuma upepo mdogo na muda mwingi imelala. Upepo wenyewe ndo unaokula nguvu, hakuna upepo wa bure. Na feni ukiiongezea mizunguko mara mbili inadai nguvu mara nane, si mara mbili, kwa hiyo ile ya mkanda kwenye barabara tambarare ni mnyonyaji kweli, ndo maana wenzetu wakaiwekea klachi, iachie pale haihitajiki.

Gari ndogo ikiwa spidi 80 upepo wa barabara peke yake unapoza rejeta, feni inahitajika kwenye foleni tu. Wewe uko gia ya pili, mzigo umejaa, kilomita 15 kwa saa, injini inalia, upepo wa mbele hakuna. Hapo joto lako ni la mwisho na feni ya umeme nayo imefika mwisho wake.

Landi109
Na mimi nisimame upande wa umeme maana naona anazikwa akiwa hai.

Nina Land Rover 109 ya petroli, njia zangu Muheza kupanda Amani na huko ndani Maramba. Masika vijito vinajaa. Feni ya chuma ikiingia majini inarusha maji injini nzima, distribyuta inalowa, gari inazima katikati ya maji na wewe umevaa suruali ya kwenda harusini. Wazee zamani walikuwa wanashuka wanatoa mkanda kwanza ndo wanavuka. Na zile feni za plastiki zikipiga maji mapanga yanajikunja kwa mbele yanakwenda kula rejeta, nimeshuhudia ya jirani. Mimi nikafunga ya umeme na swichi ndani, nikifika mtoni nazima, nikitoka nawasha. Mwaka wa tano huu.

Lakini niseme na ubaya wake. Siku moja nilivuka nikasahau kuwasha, nikaja kushtuka kwa harufu. Na gari inalala Raskazone, upepo wa bahari unakula soketi za waya, ukizifungua unakuta unga wa kijani. Imeshawahi kugoma Muheza sokoni saa sita mchana. Siku hizi kila soketi naipaka grisi na nimeweka rilei yake (swichi inayobeba umeme mkubwa) na fyuzi yake, waya mnene, sio ule wa kuunganishia redio.

Halafu ya umeme ina faida nyingine, mkanda ukikatika feni yako inaendelea kuzunguka.

FundiUmeme_Duga
Inaendelea kuzunguka ikipoza nini kaka? Mkanda huohuo ndo unaozungusha wota pampu. Maji yamesimama, altaneta imesimama, feni inamalizia betri. Simama tu pembeni.

Landi109
Hahaha hapo nimekubali, hiyo ifutwe

KonaYaPongwe
Yangu mtacheka. Pikapu dizeli, nilitoa feni ya mkanda nikaweka ya umeme. Ikawa ikisimama inapoa, ikitembea inachemsha! Kinyume na magari yote duniani. Kupita mjini sawa, nikishika barabara ya Segera nikakanyaga 90 sindano juu. Fundi wa kwanza akatoa themostati, ile inayofungulia maji yaende rejeta injini ikipata moto, akasema huku kwetu joto haihitajiki. Ikazidi. Wa pili akabadilisha wota pampu. Wa tatu akafungua silinda hedi, akabadili gaskit, akanionyesha ile ya zamani anasema unaona hii, mimi naangalia sioni kitu lakini nimeitikia. Ikachemsha tena.

Siku hiyo kuna kijana pale gereji kazi yake kuosha vifaa kwa dizeli, akachukua kipande cha gazeti akakiweka mbele ya rejeta injini ikiwa inaunguruma, feni inazunguka. Kilitakiwa kivutwe kinate pale kwenye nyavu. Kikapeperuka kikamrudia usoni. Waya zilifungwa kinyume, feni inapuliza kwenda mbele! Nikisimama inapoza kidogo kwa kutoa upepo nje, nikikimbia inapigana na upepo wa barabara, hakuna upepo unaopita. Wakageuza waya mbili, dakika tano, mwisho wa hadithi. Yule kijana nilimpa soda na hela ya chakula, wale watatu sijawasalimia mpaka leo.

MamaMachungwa
Mie sio fundi wala dereva, mie ni mwenye gari. Dereva wangu kila siku mama feni, mama feni. Nikamwambia lete gari nione hiyo feni. Nikamtuma mtoto achungulie mbele na tochi, majani ya michungwa, vumbi, singa za katani toka alipowahi kukodishwa shamba la mkonge, rejeta imekuwa kama godoro. Wakaosha kwa maji ya taratibu kutokea upande wa injini kwenda nje, uchafu uliotoka ungejaza ndoo. Ile lori mpaka leo ina feni ileile. Angalieni kwanza kabla ya kununua jamani, hela ni ngumu.

MzigoWaMboga
Bi mkubwa shikamoo, yangu naosha ila naosha kwa mbele tu, kwa presha. Kumbe nasukumia ndani.

MzeeSpana
Mwanangu nimesoma yote nimekaa kimya. Nimefungua malori tangu enzi za Bedford, kwa hiyo nivumilie nikiongea sana.

Hakuna aliyekuuliza klachi ya feni yako ni nzima au mbovu. Mnabishana feni gani, iliyopo hamjaipima. Ile klachi ndani yake kuna mafuta mazito ya silikoni, na kwa mbele kuna kichuma kimesokotwa kama springi ya saa. Kichuma kile kinasikia joto la upepo unaotoka kwenye rejeta, kikipata moto kinafungua njia, mafuta yanaingia sehemu ya kazi, feni inashikana na puli inaanza kunguruma. Ikipoa inaachia. Mafuta yakivuja, feni bado utaiona inazunguka, fundi wako ataangalia atasema mbona inazunguka, lakini haina nguvu, inafuata upepo tu kama tiara.

Asubuhi injini baridi, imezimwa, funguo mfukoni, zungusha feni kwa mkono. Nzima inakubania kidogo, inasimama baada ya robo au nusu mzunguko. Ikikimbia mizunguko mitatu minne peke yake imekwisha. Ikiwa imekaza haigeuki kabisa nayo imekufa, ila imekufa upande wa pili, hiyo itapoza lakini itakula mafuta na itanguruma kama ndege. Pitisha kidole kuzunguka klachi, ukikuta vumbi limegandana na mafuta ujue silikoni ilitokea hapo. Itikise mbele nyuma, isicheze.

Pili kava la feni, lile duara linalozunguka mapanga. Watu wanalitoa ili mkono upite kirahisi wakibadili mkanda, halirudi tena. Bila kava feni inazungusha hewa ileile ya moto ya kwenye injini, haivuti kupitia rejeta. Mapanga yaingie nusu ndani ya kava, nusu nje, na pengo pembeni lisizidi sana unene wa kidole gumba.

Themostati msitoe. Injini nyingi za dizeli themostati ikifunguka ndo inaziba ile njia ya mkato, ukiitoa maji mengine yanarudi injini bila kupita kwenye rejeta. Kaka wa Pongwe hapo juu walimwongezea ugonjwa. Na mfuniko wa rejeta uwe na presha yake. Lushoto iko kama mita 1,400, maji ya wazi kule yanachemka nyuzi 95 hivi, mfuniko mzima ndo unaoyazuia mpaka yapite 115. Mpira wake ukichoka unamwaga maji kabla injini haijapata moto wa maana.

Na asikudanganye mtu akakuchomelea klachi iwe moja kwa moja. Nilifanya hivyo ujanani kwenye lori la mteja, akapiga safari za Handeni akafurahi, baada ya muda bearing ya wota pampu ikalia, ikaachia, feni ikaenda kuchana rejeta. Nililipa mimi.

KibarazaChaKange
Mzee shikamoo. Kwa hiyo ya umeme hapana kabisa?

MzeeSpana
Marahaba. Sikusema hapana. Kama nafasi ipo na altaneta inaweza, weka moja ndogo mbele ya rejeta iwe msaidizi wa foleni. Ya nyuma iache. Na ukiweka ya umeme usitie mkono pale gari ikiwa imezimwa na bado ya moto, inaweza kuwaka yenyewe. Nina kucha moja haioti vizuri.

MzigoWaMboga
Wakuu narudi na mrejesho, samahani nilipotea wiki tatu.

Asubuhi ya kwanza nilizungusha feni kwa mkono kama alivyosema mzee. Dah. Ilizunguka mpaka nikahisi itaomba nauli. Klachi yote imezungukwa na tope la mafuta. Kava halipo, mwenye gari wa kwanza nimempigia anasema alilitoa zamani, liko nyuma ya banda la kuku. Nikapata klachi iliyotumika ambayo inabana vizuri, kava nikatengenezewa na fundi bati hapahapa Ngamiani kwa bati la geji nene, rejeta ikaoshwa kwa nyuma, mfuniko mpya. Feni za umeme za fundi nimemrudishia, amekasirika kidogo.

Juzi nimepanda na saruji. Karibu na Soni sindano ikapanda kidogo, nikasikia feni imeshika inanguruma, mlio ambao sijawahi kuusikia tangu ninunue hii gari, sindano ikarudi. Nimepita mpaka Lushoto sijasimama. Utingo ndo amenuna, pale Soni alishazoea kushuka kununua mahindi ya kuchoma.

KonaYaPongwe
Hizo feni za umeme fundi bado anazo? Mwambie asigeuze waya

KibarazaChaKange
Na mimi moja, ya Carina, volti 12 tafadhali