Lugha ya bibi imebaki kwa wazee tu, nianzie wapi?

Habari zenu wakuu. Lugha ya upande wa baba sasa inaongewa na wazee pekee. Bibi yangu ameshapita miaka 80. Mimi naisikia vizuri, ila kujibu najibu kwa Kiswahili. Mwenzangu ni kabila jingine, na mtoto wetu ndiyo kwanza anaanza kuongea. Ndugu wengine wanasema nitamchanganya mtoto, wengine wanaita ukabila. Nimewaza kumrekodi bibi au kuandika kamusi ndogo. Lipi litangulie?

Msimulizi: Bibi kwanza, kamusi itasubiri. Ila usikae kumuuliza jina la kitu kimoja kimoja, utaishia na orodha ya majina. Mwache asimulie, abembeleze mtoto, agombeze, ataje ukoo mzima. Omba ruhusa yake, maana kuna mambo ya ukoo hayatoki nje. Kila unapoanza kurekodi taja tarehe na nani anaongea, na nakala uziweke sehemu zaidi ya moja.

Mama Pacha: Kurekodi naunga mkono, lakini sauti iliyolala kwenye simu haizai msemaji. Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, walipoona watoto hawaongei tena lugha yao, mwaka 1982 walianzisha vituo vya malezi vya Kōhanga Reo, wazee wakawa wanashinda na watoto wadogo kwa Kimaori. Mwaka 1987 Kimaori kikawa lugha rasmi. Mpeleke mtoto akashinde kwa bibi, na bibi asimsemeshe Kiswahili. Hapo ndipo penye kazi: wazee wana huruma, mtoto akikwama kidogo tu wanageuza lugha.

Mwalimu wa Awali: Hofu ya kuchanganyikiwa iache. Atachanganya maneno kwa muda kisha atayatenganisha, watoto wa lugha mbili na tatu wamejaa duniani. UNESCO tangu 1953 inashauri mtoto aanze masomo kwa lugha ya mama. Na ukabila ni kumbagua mwenzako, si kuongea na bibi yako. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na papo hapo inaiagiza serikali ilinde lugha mbalimbali za wananchi.

Mleta uzi: Asanteni sana. Na mimi mwenyewe je? Nikijaribu kuongea, wazee wananicheka matamshi, naona aibu nanyamaza.

Msimulizi: Waambie wazi kwamba kicheko hicho kinawafunga vijana midomo, wengi hawajui. Kule California, Marekani, tangu miaka ya 1990, ili kuokoa lugha za wenyeji wa asili, mtu mzima mmoja anaunganishwa na mzee mmoja, wanapika na kufua pamoja bila Kiingereza. Chagua kazi moja tu, kama kupika, iwe ya lugha hiyo kila siku. Anza na maneno ya kukuokoa: rudia, polepole, hiki ni nini.

Mleta uzi: Mwenzangu anauliza, sisi tukiongea yeye akae wapi?

Mama Pacha: Akae hapo hapo, naye ajifunze. Ila msimtafsirie kila sentensi, mtarudi kwenye Kiswahili kabla chakula hakijaiva.