Mfalme Simba kwenye sikukuu ya watoto wa kanisa: tuonyeshe au tuache?

Mwalimu wa Jumapili
Bwana Yesu asifiwe, wakuu. Nafundisha shule ya Jumapili, watoto wa miaka 5 hadi 11, usharika mmoja huku Kanda ya Ziwa. Kila mwisho wa mwaka tunawafanyia sikukuu: pilau, soda, mashairi ya Krismasi, halafu tunafunga projekta waone filamu moja. Mwaka huu tulichagua The Lion King, ile katuni ya 1994, siyo hii ya 2019. Mzee mmoja wa kanisa ameisimamisha.

Hoja yake ni hii. Mufasa anamwambia mwanawe kwamba wafalme waliokufa wako kwenye nyota wanawatazama. Akishakufa, anamtokea Simba mawinguni na kusema naye. Halafu kuna yule nyani Rafiki, anapasua kibuyu na kumpaka mtoto majimaji kwenye paji la uso, baadaye anasoma vumbi lililoletwa na upepo na kujua kijana yu hai. Mzee anasema hiyo ni mizimu iliyopakwa rangi, na Kumbukumbu la Torati 18 imekwisha kuikataza.

Naona ana hoja, ila dawa yake siikubali. Watoto hawa wameshaiona nyumbani. Tukiifungia kanisani tumewaachia waielewe wenyewe. Na tuseme ukweli, siku hizi wazazi, hasa akina mama, wameifanya TV ndiyo yaya. Katuni tangu asubuhi, hakuna anayeuliza mtoto kaona nini. Swali langu: Mkristo apime vipi burudani ya familia kabla ya kumkalisha mtoto mbele yake?

Mlinzi wa Lango
Shalom mtumishi. Swali lako umelijibu mwenyewe. Sauli alikwenda kwa yule mwanamke wa Endori kumtafuta Samweli aliyekwisha kufa, na tunajua aliishia wapi. Leo tunamketisha mtoto wa miaka 5 aone marehemu anaongea kwa sauti nzito ya kupendeza, tena apige makofi. Mganga wa kijijini mtoto anamkimbia. Huyu wa katuni anachekesha, kwa hiyo anamkaribia. Hapo ndipo ninapoogopa.

Hata Wamarekani wenyewe wameshaiona hiyo hatari. Wabaptisti waliisusia Disney, kampuni iliyotengeneza filamu hii, miaka zaidi ya kumi.

Mberoya
Wabaptisti wa Kusini walipitisha azimio 1997 wakaliondoa 2005. Miaka 8. Na hawakugombana kwa sababu ya Mufasa, walikuwa na malalamiko yao mengine dhidi ya kampuni, hasa suala la ushoga. Tukiazima ugomvi wa watu, tuazime na sababu zake.

Mama Watatu
Mwalimu, mizimu nitaijia. Kwanza hilo la "hasa akina mama".

Mimi ni muuguzi. Naingia zamu ya usiku, nafika nyumbani saa tatu kasoro asubuhi. Nawapa wanangu uji, natandika mkeka, nawasha katuni, najilaza kwenye kochi mguu wangu ukigusa mgongo wa mdogo ili akisogea nijue. Hiyo ndiyo TV yaya yangu. Baba yao ni dereva wa lori, wiki mbili yuko njiani. Ungeandika "wazazi" ukaishia hapo nisingefungua mdomo. Semina za malezi kanisani kwetu zinapangwa Jumamosi asubuhi, na sijawahi kusikia mtu akiuliza mama aliyetoka zamu yuko wapi.

Sasa mizimu. Mwezi wa nane tulimzika babu yao, baba yangu mzazi, Kilimanjaro, kihambani, yaani shamba la ukoo, kando ya migomba. Kama wiki mbili baadaye umeme ulikatika, tukakaa nje. Mdogo, ana miaka 5, akaangalia juu akaniuliza: "Mama, babu ni nyota gani?" Nilihisi baridi. Kwetu hakuna aliyemfundisha tambiko. Kafundishwa na Mufasa. Kwa hiyo huyo mzee wa kanisa hajaota, jambo lipo. Usiku ule sikujibu, nikamwambia tukalale.

Mlinzi wa Lango
Dada yangu, umemaliza mjadala. Ushuhuda huu unatosha. Mlango ulifunguliwa ukiwa umelala kwenye kochi.

Mama Watatu
Kaka, rudia hiyo sentensi ya mwisho mbele ya mama yako mzazi uone atakujibu nini. Nililala kwa sababu usiku kucha nilikuwa nageuza wagonjwa, labda na ndugu zako wakiwamo.

Mberoya
Mlinzi, hapo umevuka. Mama Watatu, pole na msiba. Naomba kuuliza: baadaye ulimjibu nini mtoto?

Mwananchi Halisi
Mimi nina jambo limenikaa kooni. Wazee wa aina hii nawajua, kwetu wapo. Simba wa katuni anamkataa, Simba wa Msimbazi, ile timu ya mpira, anamvalia jezi. Siku ya derby ya Simba na Yanga anakaa sebuleni na wajukuu wote. Kila dakika chache tangazo la kubeti, kijana anacheka kwa sababu mkeka wake wa kubeti umetiki. Kabla mpira haujaanza, wachambuzi wanazungumza habari za kamati ya ufundi, na kila Mtanzania anajua kamati ya ufundi maana yake nini: nani kamwaga nini golini, timu gani imeruka ukuta ikaacha mlango. Mtoto anasikia kwamba mechi inashindwa kwa ndumba, tena kutoka kwa watu wazima wenye tai. Hapo hakuna anayefungua Kumbukumbu la Torati.

Na mpira wenyewe ndio burudani ya familia namba moja nchi hii.

Mlinzi wa Lango
Mwananchi, jina lako tu, la mashabiki wa Yanga, linaonyesha umekuja na ajenda. Mbona umetaja Msimbazi, Jangwani hukuiona? Mimi ni mwanachama wa Simba tangu kijana na sijawahi kumuona mganga.

Mwananchi Halisi
Sijasema umemuona. Nimesema wajukuu wanasikia. Jangwani nako yanasemwa hayo hayo, nakubali mbele ya wote. Jibu hoja ya kubeti basi.

Mlinzi wa Lango
Tangazo halimtoi mtu imani. Na mpira ni mchezo wa nguvu na akili, hauna mafundisho. Filamu inafundisha. Msilinganishe.

Mwananchi Halisi
Tangazo halifundishi? Mdogo wangu wa kidato cha pili alipeleka ada ya mtihani kwenye mkeka. Aliijulia kwenye mpira, siyo kwenye katuni. Mama alikaa chini jikoni akalia, sufuria ya maharage inaungua, hakuna aliyeinuka kuitoa. Mimi nilikuwa nimekaa naye kwenye kila mechi na sikuwahi kumwambia neno moja juu ya yale matangazo. Neno moja sikusema, mkuu. Hilo nitalijibu mbele za Mungu. Ndiyo maana nikisikia mtu anapigania kibuyu cha Rafiki na anapita pembeni ya hili, damu inachemka.

Kijana wa Likoni
Ninyi Wabongo kila barabara inaishia uwanjani. Huku kwetu Kenya serikali ilijaribu kutufanyia kazi hiyo ya kupima. Bodi ya kuainisha filamu, KFCB, 2017 ilipiga marufuku katuni kama kumi hivi kwa madai kuwa zinaeneza ushoga. Wazazi wakapumua, wakaona kazi imekwisha.

Mberoya
Zilikuwa sita, kaka, mojawapo ni The Loud House. The Lion King haikuwamo.

Kijana wa Likoni
Sita, sawa. Hoja yangu haibadiliki: orodha ya bodi haimfikii mtoto aliye na simu ya dada yake. Na mimi nina uchungu mwingine na hiyo filamu. "Hakuna matata" ilikuwa midomoni mwetu Pwani kabla huyo Simba hajazaliwa, Them Mushrooms waliiimba kwenye Jambo Bwana miaka ya themanini mwanzoni. Disney wakaenda kuisajili Marekani kama alama yao ya biashara, 2018 watu wakatia saini kulalamika. Hilo nalo mtoto wa Kikristo afundishwe, kwamba usichukue cha mwenzako ukakiandikia jina lako.

Mwananchi Halisi
Kwani nani siku hizi anasema "hakuna matata"? Hicho Kiswahili cha watalii. Sisi ni "hamna shida".

Kijana wa Likoni
Matata ni neno la Kiswahili safi, mkuu. Njoo Likoni uoneshwe matata ya kweli ndipo utajua kama ni ya watalii.

Mwalimu wa Jumapili
Jamani, turudi. Nimesoma yote. Mzee wetu leo ametoa pendekezo: tuonyeshe The Prince of Egypt ya 1998, habari za Musa, "kwa sababu ni Biblia tupu". Mnaonaje?

Mlinzi wa Lango
Amina. Hapo sina neno.

Mberoya
Mimi ninalo, tena hapa ndipo ningetaka tukae kidogo. Fungueni Kutoka 2. Aliyemuokota Musa mtoni ni nani? Binti Farao. Kwenye filamu ni mke wa Farao, na kwa hiyo Musa na Ramesesi wanakuwa ndugu wa kulelewa pamoja, hadithi nzima inasimama juu ya udugu huo. Kutoka haina udugu huo. Haruni, ambaye Mungu anampa Musa awe msemaji wake, kwenye filamu ni mtu wa mashaka anayembeza mdogo wake.

Sisemi ni filamu mbaya. Naipenda, na bahari inapogawanyika mwili unanisisimka mpaka leo. Lakini mtoto akitoka kwa Mufasa anajua ametoka kwenye hadithi ya simba wanaosema. Akitoka kwa Musa wa filamu anaamini ameisoma Kutoka. Ipi kati ya hizo mbili inahitaji mtu mzima akae karibu zaidi? Kwa maoni yangu ni ya pili, na hiyo ndiyo tunayotaka kuionyesha tukiwa nje tunapakua pilau.

Na tusiogope wanyama kusema. Punda wa Balaamu alisema. Kwenye Waamuzi 9 miti inatafuta mfalme, na mwiba ndio unaokubali. Paulo kule Athene alitumia maneno ya washairi wa Kiyunani wenyewe kuwahubiria. Aliyasoma, akajua lipi limeelekea kwenye kweli na lipi limepotoka. "Jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema." Kujaribu ni kukigusa kitu na kukigeuza, siyo kukisikia kwa jirani.

Mlinzi wa Lango
Paulo alikuwa mtu mzima aliyefundishwa torati miguuni pa Gamalieli. Wewe unazungumzia mtoto wa miaka 5. Huyo hana cha kujaribia. Nani alimpa mtoto kisu ajaribu ukali wake?

Mberoya
Hiyo ni hoja nzito na naikubali. Ndiyo maana nasema mkubwa awepo. Bibi yangu alitusimulia sungura anayemdanganya fisi, anaiba, anashinda kila siku. Ukiitazama, ile ni shule ya ulaghai. Lakini bibi alikuwepo pale pale motoni, na akimaliza anauliza, "Wewe ungependa uwe jirani wa sungura?" Tukanyamaza. Hadithi ilikuwa na mwenyewe. Katuni inaletwa na waya, haina mwenyewe mpaka mmoja wetu akae.

Mama Watatu, nakuuliza mara ya pili: mtoto ulimjibu nini?

Mwananchi Halisi
Mlinzi, ya kubeti bado hujajibu.

Mlinzi wa Lango
Nimekujibu. Na nimezima TV nyumbani kwangu tangu jana, mpira na katuni, mpaka nitafakari. Umeridhika?

Mwananchi Halisi
Sijataka uzime, nimetaka useme nao.

Mama Watatu
Mberoya, sikuwa nimemjibu. Ulipouliza ndipo nilipojua kwamba nimekaa na swali lake miezi.

Leo ni siku yangu ya mapumziko. Nimekaa naye mkekani, tukaiweka ile sehemu ya nyota, nikaisimamisha. Nikamuuliza, "Nani anasema wafalme wako kule?" Mufasa. "Mufasa aliambiwa na nani?" Akafikiri, akasema baba yake. Kweli, ndivyo anavyosema kwenye filamu. Nikamwambia, "Haya, na mimi nikuambie nilivyoambiwa na baba yangu, ndiye babu." Nikamweleza kwamba babu hayuko kwenye nyota na wala hatutazami. Nyota ziliumbwa na Mungu, ni taa. Mwili wa babu umelala kihambani, yeye mwenyewe yuko mikononi mwa Bwana, na siku parapanda ikilia waliokufa katika Kristo watafufuliwa kwanza. Babu alilisoma hilo mwenyewe kwenye mazishi ya bibi, nilikuwepo.

Akanyamaza. Halafu: "Kwanza? Kabla yako wewe?" Nikamwambia ndiyo. "Sasa migomba itaanguka?" Nikamwambia ya migomba sijui. Akasema babu ataipita pembeni, kwa sababu alikuwa hapendi mtu akanyage miche. Hapo nililia, na yeye akabonyeza filamu iendelee.

Mlinzi wa Lango
Dada, lile neno la kochi nalifuta. La kuonyeshwa kanisani bado nalipinga.

Mwalimu wa Jumapili
Na mimi "hasa akina mama" naiondoa, samahani sana mama. Kikao cha wazee ni Alhamisi. Nitapendekeza ya Musa, watoto wakubwa wawe na Kutoka 2 mkononi watafute palipobadilishwa. Ya Mfalme Simba nitaiomba tena kwa wenye wazazi watakaokaa nao. Naruhusiwa kusimulia habari ya migomba bila kutaja mtu?

Mama Watatu
Simulia. Na hapo hapo kwenye kikao waambie semina ya malezi iwe Jumapili baada ya ibada. Mtaona mama wa zamu watakavyojaa.