Kiti gani kinafaa badala ya kiti cha ofisi kwa mfasiri mwenye goti bovu?

Mfasiri wa Raskazone anauliza:

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mfasiri wa hati za kisheria na za tiba. Nafanyia kazi nyumbani hapa Tanga, na kwa kawaida naketi mezani tangu asubuhi hadi alasiri, nikiondoka kwa sala na kwa chakula tu. Kwa miezi kadhaa sasa kiuno kinaniuma kila inapofika saa nane mchana, na maumivu hupungua nikisimama au nikilala chali. Daktari amenipima, hakuona jambo la kutisha, akanishauri nibadili namna ninavyoketi.

Kiti nilichonacho ni cha ofisi cha kawaida, chenye magurudumu na egemeo, nami nimechoka kukijazia mito. Katika kutafuta badala yake nimekutana na mambo manne: kiti cha magoti, ambacho kalio lake (sehemu ya kukalia) limeinama mbele na mtu huegemeza miundi ya miguu kwenye mto wa chini, kiti cha tandiko, chenye umbo la tandiko la farasi, ambacho mtu hukikalia akiwa amepanua mapaja, mpira mkubwa wa mazoezi, na meza ya kusimamia. Kila muuzaji anasifu chake, na hakuna anayeniuliza habari zangu kabla ya kunitajia bei.

Habari zangu ni hizi. Kimo changu ni sentimita 158. Meza yangu ni ya mninga, ina kimo cha sentimita 75, na siwezi kuikata miguu kwa kuwa mume wangu naye huitumia jioni. Goti langu la kushoto liliumia nilipokuwa nikicheza netiboli shuleni, na hadi leo nikilikunja kwa muda mrefu linavimba. Natumia kompyuta mpakato, na hati ninazofasiri mara nyingi huwa za karatasi, nazilaza mezani upande wa kushoto. Naomba ushauri wa mtu anayejua viti hivi kwa kuvitumia, kuvitengeneza au kutibu watu.

Mtaalamu wa Viungo, Dodoma:

Dada Mfasiri, nashukuru kwamba umetaja goti na kimo cha meza, kwa sababu ushauri wangu wote unategemea hayo mawili.

Kwanza tuelewe kwa nini viti hivi vilibuniwa. Mtu akiketi mapaja yakafanya nyuzi 90 na kiwiliwili, misuli ya nyuma ya mapaja na makalio huivuta nyonga izunguke kurudi nyuma, na ule mbonyeo wa asili wa kiuno hutoweka. Mwaka 1953 daktari wa upasuaji wa Marekani, Keegan, alichapisha picha za eksirei zilizoonyesha jambo hilo, na kwamba kiuno hukaa katika hali yake ya utulivu pale pembe kati ya paja na kiwiliwili inapokaribia nyuzi 135. Mwaka 2006 watafiti wa Aberdeen, Uskoti, walitumia mashine ya MRI inayompiga mtu picha akiwa ameketi, wakaipata tena pembe ileile ya 135 kuwa ndiyo inayouelemea uti wa mgongo kidogo zaidi. Baina ya hao wawili, daktari wa Denmark aitwaye Mandal alikuwa amekwisha kutetea kwa miaka mingi viti vya shule vilivyoinama mbele pamoja na madawati ya juu zaidi, na huko Norway mwaka 1979 kikaja kiti cha magoti, fikra ya Hans Christian Mengshoel, ambayo Peter Opsvik na wenzake waliitengenezea maumbo mbalimbali.

Kwa hiyo kiti cha magoti na kiti cha tandiko vinatafuta kitu kimoja, yaani kuifungua pembe ya nyonga. Vinatofautiana katika mahali vinapopeleka uzito. Kiti cha magoti kinapeleka sehemu ya uzito kwenye miundi, na goti hubaki limekunjwa sana bila nafasi ya kulinyoosha mpaka uinuke. Kwa goti linalovimba likikunjwa, mimi sikishauri hata kidogo, na muuzaji asikushawishi kwamba utazoea. Kwenye kiti cha tandiko nyayo zinakaa sakafuni, magoti yamefunguka, nawe unaweza kuunyoosha mguu mmoja wakati wowote.

Nikuombe jambo moja kuhusu maneno ya matangazo. Utaambiwa kwamba kuketi kunazikandamiza diski za uti, yaani vile visahani laini vilivyo kati ya mifupa ya uti wa mgongo, kuliko kusimama. Madai hayo yalitokana na vipimo vya Nachemson wa Sweden, aliyepima mgandamizo ndani ya diski kwa sindano. Wajerumani wa Ulm walipopima upya kwa vyombo vya kisasa mwaka 1999, tofauti kati ya kusimama na kuketi kwa utulivu ilikuwa ndogo sana. Kilichopandisha mgandamizo kwa kweli ni kuketi huku mtu amejikunja mbele kabisa. Ndiyo maana ninakuuliza zaidi kuhusu zile karatasi zinazolala upande wa kushoto kuliko kuhusu kiti chenyewe. Mfasiri anayeinamia karatasi na kugeukia kompyuta mara mia kwa siku ataumia kiuno na shingo hata akikalia kiti cha bei ya gari.

Fundi wa Keko:

Dada, mimi ni seremala hapa Keko, Dar es Salaam, na viti vya namna hii nimevichonga kwa wateja walioniletea picha. Naunga mkono aliyosema mtaalamu, nami naongeza ya upande wa mbao.

Kabla hujalipa chochote, jaribu mwinamo nyumbani. Chukua kiti cha mbao cha mezani kisicho na mto, uweke vipande viwili vya mbao vya unene wa sentimita nne hivi chini ya miguu ya nyuma, kila kipande kikiwa na kishimo kidogo kilichochongwa ili mguu usiteleze. Kalio la kiti litainama mbele. Fanya kazi hivyo kwa muda, na usiketi ukingoni. Kama kiuno kinapata nafuu, utajua kwamba mwinamo ndio unaoutafuta, na utakuwa umetumia masalia ya mbao tu.

Kuhusu kutengeneza, hesabu mto kwa uangalifu mkubwa. Wengi huagiza sponji laini kwa sababu inapendeza kuibonyeza dukani. Kwenye kalio lililoinama sponji laini ni hasara: inabonyea upande wa mbele, mwili unateleza, na mtu anajizuia kwa miguu siku nzima bila kujua. Agiza sponji ngumu isiyozidi sentimita nne, juu yake kitambaa kizito cha pamba. Ngozi bandia, kwa joto la Tanga, itakulowesha jasho na kukutelezesha zaidi.

Kiti cha tandiko naweza kukichonga kwa mkongo, chenye mfereji katikati na ukingo wa mbele ulioviringishwa, lakini kimo chake hakitabadilika. Ukitaka kiti cha kupanda na kushuka, tafuta mguu wa gesi wa kiti kirefu cha kaunta, kwa sababu gesi ya kiti cha ofisi cha kawaida ni fupi. Na meza yako itabidi tuiinue kwa vibao chini ya miguu, maana kiti cha tandiko ni kirefu.

Tabibu wa Meno, Mombasa:

Dada yangu wa Tanga, na wewe fundi, naomba tusiinue hiyo meza kabla ya kupiga hesabu. Mimi nakalia kiti cha tandiko kazini, kama wanavyofanya madaktari wengi wa meno, kwa kuwa kinatuwezesha kumsogelea mgonjwa bila kupinda mgongo.

Mwanamke wa sentimita 158 akiketi kawaida, nyayo zikiwa chini, kalio lake huwa kwenye sentimita 40 hivi, na viwiko vyake huwa juu ya kalio kwa sentimita 22 au 23. Maana yake viwiko viko kwenye 62 au 63, ilhali meza iko kwenye 75. Nina hakika kwamba ama unainua mabega kuifikia kibodi, ama umekipandisha kiti mpaka visigino vinaning'inia. Kwa hali zote mbili kiuno hakina pa kuegemea. Sasa weka kiti cha tandiko: kwa kimo chako kalio litakuwa karibu na sentimita 55, viwiko vitafika 77 au 78, na meza yako ya 75 itakuwa mahali pake bila kuguswa. Kwa mtu mrefu kiti hiki hudai meza mpya, lakini kwako wewe ndicho kinachoisahihisha meza uliyo nayo.

Yako mambo ambayo wauzaji hawayasemi. Mwanzoni mapaja ya ndani na mifupa ya kukalia huuma, kwa hiyo anza kwa vipindi vifupi na ukiache kiti chako cha sasa karibu. Mavazi nayo yana lake: dera ni pana na halina tatizo, lakini sketi ya kubana au gauni lisilo na mpasuo litakulazimisha ulipandishe hadi magotini, jambo ambalo si kila mtu analipenda, hata nyumbani kwake wageni wakibisha hodi. Tena uchague kalio lenye mfereji katikati, kwa sababu kalio lisilogawanyika hubana sehemu za siri na huongeza joto.

Mwalimu wa Mazoezi, Kigali:

Nitasema juu ya mpira tu. Mpira huu ulitengenezwa na Mwitalia Aquilino Cosani mwaka 1963, ukapata umaarufu katika tiba ya viungo huko Uswisi, na kwa mazoezi mimi nautumia kila siku na kuupenda. Kuufanya kiti ni jambo jingine. Mwaka 2009 watafiti wa Uholanzi waliwalinganisha wanawake waliofanya kazi ya kompyuta juu ya mpira na juu ya kiti cha ofisi: waliokalia mpira walitikisika zaidi na misuli ya mgongo ilifanya kazi zaidi, lakini uti wao ulifupika zaidi pia, dalili kwamba ulibeba mzigo mkubwa. Nunua mpira kwa mazoezi ya jioni, si kwa kufasiria mikataba.

Mfasiri wa Raskazone:

Nawashukuru sana. Nimeweka vibao chini ya miguu ya nyuma ya kiti cha mezani kama alivyoelekeza fundi, na kwa kweli kiuno kimetulia, ila nyayo hazikufika chini vizuri kwa sababu ya meza, sawasawa na alivyohesabu daktari wa Mombasa. Nimeamua kuagiza kiti cha tandiko. Naomba fundi anitajie vipimo anavyohitaji, na mtaalamu aniambie la kufanya kuhusu karatasi.

Mtaalamu wa Viungo, Dodoma:

Karatasi zisimame, zisilale, na zikae kati ya kibodi na kompyuta, au ubavuni mwa kompyuta kwa kimo kilekile. Inua kompyuta mpaka ukingo wa juu wa skrini uwe usawa wa macho au chini kidogo, kisha utumie kibodi nyingine ya kuunganisha. Kiti cha tandiko kisicho na egemeo kinachosha mgongo mchana, kwa hiyo asubuhi fasiri ukiwa juu yake, na kazi ya kusoma na kusahihisha uifanye kwenye kiti chenye egemeo. Simu upokee ukiwa umesimama.

Fundi wa Keko:

Dada, nakubali hesabu ya daktari, meza tuiache. Vaa viatu unavyovaa ukiwa kazini nyumbani, au usivae kama huvai, kisha usimame ukiegemea ukuta na mtu akupime kutoka sakafuni hadi kwenye msamba. Nipe pia upana wa nyonga ukiwa umeketi. Kalio nitalikata sentimita mbili chini ya hesabu, halafu nikuletee soli za mbao za kuongezea miguuni mwa kiti, maana kupandisha ni rahisi kuliko kukata mara ya pili. Kwa karatasi zako nitakuchongea kishikizo cha umbo la marufaa, chenye ukingo chini wa kuzuia kurasa, na sitakitoza fedha ya ziada.