Oveni ya mkate: koili mbili, kontrola mbili, ya juu imegoma

Mwokaji Jinja
Jamani mafundi naomba mnisaidie. Nina oveni ya mkate hapa Jinja, nilichomelewa Katwe kule Kampala, ina koili ya juu 3kW na ya chini 3kW, kila moja na kontrola yake ya PID (inasoma joto na kupanga moto), SSR yake (swichi ya elektroniki inayowasha koili) na sensa yake ya joto aina ya K. Kontrola zote nimeweka digrii 200. Ikipanda mwanzoni zinawaka zote vizuri, ila ikishafika 200 ile ya juu inazima moja kwa moja na ya chini inabeba kazi peke yake, mkate unaungua kitako huku juu mweupe. Otochuni (kontrola ijipange yenyewe) nimebonyeza mara tatu, wapi. Unga wenyewe siku hizi bei juu, kila trei inaniuma.

Fundi Waya
Pole sana ndugu. Sensa umezifunga wapi?

Mwokaji Jinja
Ukuta wa nyuma katikati, zimeachana kama vidole vinne.

Fundi Waya
Basi hapo ndipo. Zinasoma hewa moja, na sensa mbili za K hazisomi sawa, hata mpya za kawaida zinaruhusiwa kukosea digrii 2.5 juu au chini. Sasa ya chini ikisoma 200 ya juu inasoma 202, inaona moto umezidi, na ile I kwenye PID, sehemu inayojumlisha makosa, inakusanya hilo kosa dogo polepole mpaka nguvu ya koili ya juu inafika sifuri na kubaki hapo. Otochuni haiwezi kutibu hilo. Shusha moja karibu na sakafu, pandisha nyingine juu ya mikate, kila sensa isikie koili yake kwanza. Halafu acha zote zifike 200 ndo uchuni moja huku nyingine inashikilia, usichuni oveni ikiwa baridi.

Mama Trei
Mi ningetumia kontrola moja isukume SSR zote mbili, hazigombani tena.

Fundi Waya
Hazigombani kweli mama, lakini hawezi tena kuongeza juu peke yake, na mkate unataka hivyo. Na ssebo, weka kontakta (swichi kubwa ya kukata umeme) na thamostati ya usalama, SSR ikifa mara nyingi inabaki imeshika, koili haizimi hata kontrola ikisema zima, na wewe usiku umelala.

Mwokaji Jinja
Webale nnyo! Nimehamisha jana, leo asubuhi taa zote mbili za kontrola zinapepesa kwa zamu. Ya juu nimeipandisha 210, trei ya kwanza imetoka kahawia pande zote. Kontakta naifuata kesho.