Mjadala: Nyumba Iliyohamishwa Exeter, je, huo ni uhifadhi?

Mwanzisha mada: Wadau, Exeter, kusini-magharibi mwa Uingereza, kuna nyumba ya mbao ya zama za kati, ya orofa tatu, kila orofa imejitokeza mbele kuliko ya chini yake. Mwaka 1961 barabara mpya ilitakiwa ipite Edmund Street. Mtaa ukavunjwa. Nyumba hii moja, iliyokuwa kwenye kona ya mtaa, ikafungwa mihimili, ikapandishwa kwenye magurudumu na reli, ikavutwa yote, zaidi ya tani 20, kupanda mlima hadi karibu na kanisa la St Mary Steps. Sasa inalindwa kisheria na watalii wanaipiga picha.

Mimi nasema hapo iliyolindwa ni barabara. Mji huo ulishateketezwa na mabomu Mei 1942. Kilichobaki kilistahili kuachwa mahali pake. Nyumba ya kona bila kona yake ni nini?

Seremala mstaafu: Ndugu, nyumba za aina hii zilizaliwa zikisafiri. Mafundi walichonga fremu uwanjani kwao, wakatia alama kwenye kila kiungo, wakaifungua, wakaja kuisimamisha kiwanjani kwa vigingi vya mti. Mapengo yalijazwa fito na udongo, kama nyumba zetu za kukandika. Jumba la mawe si rahisi kulifanyia hivyo. Na ungependa nini, ivunjwe iwe kuni?

Mwanzisha mada: Mzee wangu, fremu nimekuelewa, na hoja ya alama sikuwa nayo. Lakini Mkataba wa Venice wa 1964, ule wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, ibara ya 7, unasema jengo la kale halitenganishwi na mahali lilipo, na kulihamisha hakuruhusiwi ila pale usalama wake unapolazimisha, au pale maslahi makubwa mno ya taifa au ya kimataifa yanapohalalisha.

Binti Pwani: Si ndivyo ilivyokuwa hapo? Katapila lilikuwa mlangoni.

Mwanzisha mada: Katapila lililetwa na nani, dada? Wenye mji ndio walioichora hiyo barabara. Ukileta hatari mwenyewe kisha ukaokoa kimoja, usidai shukrani.

Seremala mstaafu: Shukrani wapewe walioihamisha. Ila kwa majirani zake waliovunjwa, hapo sina la kukujibu.